Kichupa Kitupu

Kazi yangu ilikuwa kuwafuata watu wasiokuja. Siku hizi nikiulizwa nilikuwa nafanya nini Gisenyi, mpakani na Goma, mwishoni mwa miaka ya tisini, hujibu kwamba nilikuwa kwenye utafiti wa dawa, na watu hunitazama kwa heshima wakidhani nilivaa koti jeupe na kuchungulia kwenye hadubini. Koti nilikuwa nalo kweli, ila lilikuwa la mvua. Nilivaa viatu vya plastiki, nikapanda vilima, nikabisha hodi kwa watu walioahidi kuja kituoni Jumatatu na mpaka Alhamisi hawajaonekana.

Utafiti wenyewe ulihusu dawa ya kifafa, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa igicuri. Ile dawa ya zamani iliwalaza watu usingizi mchana kutwa, na nusu ya mwaka haikupatikana kabisa. Daktari wetu alitaka kujua kama kidonge kipya, cha kumeza mara moja kila asubuhi, kingewafaa zaidi wakulima na wachuuzi wa huku kwetu. Sasa, ili ujue kama dawa inafanya kazi lazima mtu aimeze, na ili ujue kama ameimeza lazima arudi. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Sikupewa kazi ile kwa elimu. Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka Tanzania, nilikozaliwa na kukulia, na Kinyarwanda changu kiliwachekesha hata watoto wa chekechea. Lakini Kiswahili nilikuwa nacho cha kutosha na kubaki, na wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wa kuvuka mpaka kwenda kuuza Goma, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya biashara. Daktari alisema anahitaji mtu wa kuzungumza nao bila kuwatisha. Nadhani alinichagua kwa sababu mwenyewe alikulia Uganda, na akizungumza Kiswahili ilikuwa kana kwamba anatoa amri, hata akiomba chumvi.

Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule. Mtu akikosa kuja nililichukulia kama tusi langu binafsi. Nilipanda mpaka kwake nikiwa nimejiandalia maneno makali njiani, kisha namkuta anavuna viazi kabla mvua haijaviozesha, au amefiwa, au ameketi tu uani akisema, alipona, muganga, ndiyo maana hakuja. Wote waliniita muganga, yaani daktari. Mwanzoni nilikanusha, baadaye nikazoea na hata kutembea kwangu kukabadilika kidogo.

Tulikuwa na utaratibu mmoja ambao kila mgonjwa aliufahamu. Dawa ilitolewa ndani ya kichupa cha plastiki chenye kifuniko cheupe, na vidonge vilikuwa vya kutosha mpaka asubuhi ya siku ya kurudi, basi. Siku hiyo mgonjwa alirudisha kichupa. Daktari alikitikisa sikioni kabla hajakifungua. Kikinyamaza, alitabasamu, maana vidonge vyote vimemezwa. Kikilia, alikunja uso.

Na vingi vililia. Jambo hili lilitusumbua tangu mwanzo. Akina mama walioleta watoto wagonjwa walikuwa na tabia iliyonikera zaidi: unafungua kichupa, unakuta maharagwe makavu, au karanga, au mtama kiganja kimoja. Niliona ni uchafu tu, kwamba wanatumia vichupa vyetu kuhifadhia mbegu. Nilimwambia muuguzi wetu awakanye. Muuguzi alikuwa mzaliwa wa mji ule, nusu ya ukoo wake uko Goma, mjomba Mwislamu na mama wa kwenda misa kila asubuhi, kwa hiyo alisherehekea sikukuu zote za mwaka na hakuwa mtu wa kukanya watu. Alimwaga yale maharagwe dirishani akaosha vichupa bila neno, na nyuma ya kituo pakaota shamba dogo ambalo hakuna aliyelipanda.

Wagonjwa watu wazima hawakutuletea mbegu. Wao walirudisha vidonge.

Kati yao alikuwapo mama mmoja wa Kanama, mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa ameuza viazi na maharagwe Goma kwa miaka, mpaka siku moja alipoanguka kwenye foleni ya Grande Barrière, kivuko kikuu cha mpaka, mbele ya wateja wake na maaskari wa pande zote mbili za mpaka. Toka hapo hakuna aliyenunua kitu kutoka mkononi mwake. Watu wa huku waliamini kwamba mate ya mwenye igicuri yanaambukiza, hata kwa sahani, hata kwa kikombe. Alirudi Kanama kwenye boma la marehemu mumewe, akawa analima peke yake, anapika peke yake. Alipojiunga na utafiti wetu aliniambia jambo moja tu analolitaka: kurudi sokoni.

Kituoni alikuja na wifi yake, dada wa marehemu. Wifi huyo hakukosa hata mara moja, na hilo lazima nimpe haki yake. Aliandamana naye barabarani, alimshika alipoanguka, alimfuta uso. Lakini kwenye benchi letu aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na maji ya kunywa alikuja na ya kwake kwenye chupa aliyoifunga ndani ya kitenge.

Dawa ilimkubali mama yule. Wifi yake alitueleza kwamba wiki baada ya wiki hajaanguka, analima vizuri, analala vizuri. Kisha siku ya kuja kituoni, anaanguka. Safari ya kwanza alianguka pale pale mlangoni kwetu. Safari ya pili ilikuwa njiani, na abiria wote wakashuka kwenye gari. Na kila mara kichupa chake kililia, kina vidonge kadhaa ambavyo havikumezwa.

Daktari alijaribu kuuliza kwa upole, kwa upole wake ule wa amri. Je, unasahau? Hapana. Inakuumiza tumbo? Hapana. Kwa nini basi vimebaki? Mama aliangalia sakafu, akajibu kwamba vimebaki vizuri. Tulidhani Kiswahili kimemgomea.

Baada ya ile ya pili daktari aliniita ndani akafunga mlango. Alisema masharti ya utafiti hayamwachi na nafasi kubwa. Mgonjwa asiyemeza dawa sawasawa haruhusiwi kuendelea, na mgonjwa anayemeza sawasawa na bado anaanguka, dawa hiyo haimfai, na kumwachia ni kumdanganya. Kwa vyovyote vile, akija tena na kichupa kinacholia au akianguka tena, atatolewa. Niliuliza akitolewa atapata wapi dawa. Alijibu kwamba atarudia ile ya zamani, ikipatikana. Wote wawili tulijua kwamba kabati la dawa hiyo lilikuwa na vumbi tu.

Nilimkasirikia daktari, kisha nikamkasirikia mama, kisha nikagundua kwamba nimeshaipenda sauti yake ya chini na sitaki kuikosa. Nikaomba niende Kanama kabla ya siku yake ya kurudi. Daktari alikubali upesi sana, nadhani alikuwa anangoja niombe.

Nilikwenda zikiwa zimebaki siku tatu. Nilibeba chakula changu cha mchana, wali na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye bakuli la bati lenye kifuniko, bakuli la mama yangu lililotoka nasi Tanzania. Mimi kwa chakula ni mtu wa kuchagua na sikuamini mapishi ya barabarani. Kutoka barabara kuu unapanda kati ya migomba na mashamba ya maharagwe, na ardhi ya huko ikilowa inakushika viatu, kwa hiyo nilifika nimenuna.

Wifi alinipokea uani, akanitolea benchi la upande wa nyumba yake, akanipa maji kwa kikombe chake. Mama alikuwa upande wa pili, mbele ya kijumba chenye jiko lake. Ukutani kulikuwa na msumari, na juu ya msumari kilining'inia kikombe kimoja, na chini yake sahani moja. Hakuna aliyenieleza, wala sikuhitaji kuelezwa. Roho iliniuma, nikachukua benchi nikalihamishia kwake.

Nilimwomba anionyeshe kichupa. Akaingia ndani akakileta, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Nikamimina vidonge kiganjani nikahesabu, nikiwa nimeshajiandaa kusikia uongo. Vilikuwa sawasawa kabisa. Kilikuwapo cha asubuhi ile na vya asubuhi zilizobaki, hakuna hata kimoja kilichozidi. Mama huyu hakuwa amekosa siku hata moja.

Nikamuuliza kama cha leo amemeza, maana jua lilishapanda.

"Hapana, muganga. Mi nilimaliza jana."

Nikamwambia atakuwaje amemaliza na vidonge viko hapa mkononi mwangu.

"Vya kwangu njo vimekwisha," alisema. "Hivi viko vyenu."

Nilimtazama. Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto wa watu aliyelelewa vibaya. Kisha akanieleza polepole. Kichupa ni chombo cha watu. Walimpa kikiwa kimejaa. Mtu mwenye adabu harudishi chombo cha watu kikiwa kitupu, anaweka kitu ndani, hata kama ni kidogo. Kwa hiyo kila zikikaribia siku za kurudi, yeye huacha kumeza, ili kibaki cha kurudishia.

Jambo lenyewe nililijua. Kwetu pia, jirani akikutumia uji kwenye kibuyu, kibuyu hakirudi bila kitu, na mama yangu angenichapa kama ningekirudisha kitupu. Nilijua hivyo tangu utotoni, na miezi yote ile nilikuwa nashika vichupa vile bila kufikiri kwamba ni vyombo. Mbele ya macho yangu yakaja yale maharagwe, na karanga, na mtama, na dirisha letu, na lile shamba la nyuma ya kituo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamuuliza kwa nini basi asiweke maharagwe, kama wanavyofanya akina mama wengine.

Mama aligeuka akatazama ng'ambo ya ua. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni kwake, anasikiliza.

"Wale banapeleka kwa mukono yao," mama alisema. "Ni mutoto njo mugonjwa, hapana wao. Maharagwe ya mi nani atatwaa? Hii dawa, mi sikuigusa. Iko safi."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Chombo yangu batu hawashikake. Nyinyi munashika. Munaweka mu kabati pamoja na ya wengine. Mi nirudishe wazi, bila kitu?"

Machozi yalinitoka, sina haja ya kuficha. Huyu alikuwa anaacha dawa, anajiweka hatarini kuanguka barabarani, kwa sababu sisi ndio watu pekee tuliopokea chombo kutoka mkononi mwake, na hakutaka kututendea ufidhuli. Na sisi tulikuwa tunataka kumtoa kwa kutofuata masharti.

Nilijifuta nikaanza kazi yangu. Nikamweleza kwamba dawa hii ukiikata ghafla ugonjwa unarudi, na kwamba ndiyo maana anaanguka siku za kuja kwetu tu. Hilo alilielewa mara moja, alinyanyua kichwa kama aliyeitwa. Nikamweleza kwamba daktari anataka kichupa kitupu, kwamba kwake kichupa kitupu ndiyo zawadi. Hilo hakulielewa hata kidogo. Nilirudia. Akasema ndiyo, muganga, kwa sauti ile ya watu wanaosema ndiyo ili mgeni anyamaze. Nilikuwa nimeshaisikia ndiyo hiyo kwenye vilima vingi, na najua thamani yake.

Basi nikachukua bakuli la mama yangu nikaliweka mapajani mwake. Nikamwambia, "Mama, hiki ndicho chombo changu. Ndani kuna chakula. Ukile, na siku ya kuja kituoni unirudishie bakuli, na utakachoweka ndani ni juu yako. Lakini kichupa si changu, ni cha dawa, na dawa inataka imezwe yote."

Aliliangalia bakuli, hakuligusa.

"We utakula kitu ya mi?" aliuliza.

"Nitakula."

Aliniangalia muda mrefu. Kisha akachukua kidonge cha asubuhi ile kutoka kiganjani mwangu, akakiangua kile kikombe msumarini, akameza mbele yangu. Nilimwachia wali wote na sambaza wote, nikashuka kutoka Kanama na njaa yangu.

Nilipomsimulia daktari, alicheka kwanza, kicheko kifupi, kisha akavua miwani. Akauliza ni nani mwingine anayefanya hivyo. Hatukujua. Muuguzi, aliyekuwa anapanga pamba kwenye trei, aliketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Na mi nilikuwa namwaga zawadi za batu mu dirisha," alisema. "Mi, muzaliwa wa hapa."

Siku zilizofuata aliwauliza wagonjwa mmoja mmoja, kwa Kinyarwanda na kwa utulivu wake, na akakuta wengine waliokuwa wakiacha vidonge kwa ajili yetu. Basi akaleta kikapu kutoka kwao, akakiweka mlangoni. Anayetaka kuleta kitu aweke mle, kichupa kije kitupu. Wenye maharagwe walifurahi sana, na sisi tukaanza kula mchana bila kununua. Ila kikapu kile hakikunitoa wasiwasi juu ya mama wa Kanama. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba sababu imejulikana, lakini sababu si tiba. Kama atameza vyote na bado akaanguka siku hiyo, atatoka.

Siku yenyewe ilinyesha toka asubuhi. Watu wa karibu walikuja, wa Busasamana wakaja wakiwa wamefunika vichwa kwa majani ya mgomba, wa Kanama kimya. Nilitoka mlangoni nikarudi, nikatoka nikarudi, mpaka muuguzi akaniambia niketi, nawatia wagonjwa kizunguzungu. Akilini nilimwona barabarani ameanguka, abiria wanashuka. Nilimwona amekata tamaa akabaki nyumbani, na mimi ndiye niliyemchanganya kwa mambo ya bakuli.

Walifika mvua ikipungua. Mama alitembea mbele, wifi nyuma yake, na mama alikuwa amebeba kifurushi kwa mikono miwili. Nilimwangalia usoni, nikamwangalia nguo, kama kuna tope la kuanguka. Tope lilikuwa miguuni tu. Nikamuuliza wifi kwa macho, naye akatikisa kichwa. Hajaanguka.

Tukaingia kwa daktari. Mama akatoa kichupa kwenye kitambaa, akakiweka mezani. Daktari alikichukua akakipeleka sikioni kama kawaida yake, akatikisa.

Kikalia.

Daktari hakunitazama. Alifungua kifuniko polepole, akakiinamisha kiganjani, na kikaanguka kitu kimoja. Lilikuwa haragwe, jekundu, limeoshwa mpaka linang'aa. Vidonge havikuwamo hata kimoja.

Mama alikuwa akiliangalia haragwe lile mkononi mwa daktari, nami nilielewa anachongojea. Alikuwa amejaribu mwishowe kurudisha kitu cha nyumbani kwake. Daktari alitazama haragwe, akamtazama yeye. Kuna siku nilimwona mtu yule hana subira hata na mlango unaokwama. Siku ile alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akalitia haragwe ndani, akafunga kifungo. Akasema asante mama, kwa Kiswahili chake cha amri, na akamwambia atampa kichupa kingine.

Akabaki kwenye utafiti. Nilitaka kumkumbatia daktari, ila hatukuwa na mazoea hayo.

Tulipotoka, mama alikaa kwenye benchi akafungua kile kifurushi. Ndani lilikuwamo bakuli la mama yangu, na bakuli lilijaa viazi na maharagwe, bado na joto kidogo. Wagonjwa waliokuwa wanangoja walimjua, au walijua ugonjwa wake, maana ulikuwa wao pia, na jamaa waliowasindikiza walijua zaidi. Mazungumzo yalizimika. Muuguzi alisimama mlangoni na sindano yake mkononi. Wifi alikuwa ameketi mahali pake, ile nafasi ya mtu mmoja ipo.

Niliketi kwenye nafasi ile, katikati yao, nikanawa mikono kwa maji ya ndoo, nikala. Alikuwa ametia chumvi nyingi mno, chumvi ya mtu ambaye kwa miaka mingi hajapikia mtu mwingine na amesahau kipimo. Nilikula na kula, na kila nikimeza nilisikia watu wakimeza nami. Mama hakula. Alishika mikono yake mapajani, akiangalia vidole vyangu vikienda na kurudi.

Nilipochoka niliweka bakuli juu ya magoti, viazi vichache bado vimebaki. Sikumkaribisha mtu. Nilijua nikimkaribisha wifi mbele za watu atakataa, na akishakataa mbele za watu basi imekwisha. Nikakaa tu, nikiangalia mvua inavyodondoka kutoka kwenye bati.

Mkono ukapita mbele yangu. Wifi alichukua kiazi kimoja, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu akiangalia mvua kama mimi. Mama alikuwa ameacha kunitazama mimi, anamtazama yeye. Wifi akameza. Akavuta chupa yake ya maji kutoka kwenye kitenge, akanywa, akainyoosha mbele yangu mpaka upande wa pili, akamkabidhi mama. Kisha akamwambia kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kulalamika ya watu wa nyumba moja, kwamba chumvi imezidi.

Mama alikunywa kwanza. Akafuta mdomo wa chupa kwa ncha ya kitenge chake, akairudisha.

"Kesho nitapunguza," alisema.